Mafuta Juu ya Pipa la Tatu

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Kahindo, binti yake alivuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti lililogeuka rangi ya chai, akanipa. "Alisema apewe Donata," aliniambia, "alisema utajua." Kilikuwa kipande cha sabuni, kimekauka na kupasuka katikati. Nilikinusa pale pale, mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya viazi vya matanga. Kwanza ilikuja harufu ya mafuta yaliyochacha, kama sufuria iliyosahauliwa. Nilingoja. Kwa kawaida harufu nzito hutangulia na ile nyepesi, iliyojificha, huja baadaye pua inapozoea. Ikaja: waridi. Hafifu sana, lakini waridi. Nilipoinua kichwa nilimwona mzee mmoja ameketi upande wa pili wa turubai, kofia ya kufuma kichwani, kikombe cha chai mkononi, ananitazama. Ilinichukua muda kumtambua, kwa sababu nilimwacha akiwa mtu wa makamo mwenye fimbo. Alikuwa Selemani, mlinzi wetu wa zamani. Nilikuwa sijamwona kwa muda unaozidi umri wa mtoto wangu wa kwanza.

Nilianza kuandika mwaka niliofanya kazi na hao wawili, wala si kwa sababu nina kipaji. Nilipewa daftari kazini na kuambiwa: andika unachokiona, usichokiona usiandike. Daftari hilo ninalo hadi leo, katika kabati langu hapa Nengo, limefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Kwa mwaka mzima niliandika humo joto la mapipa, utamu wa maji ya ndizi, ukubwa wa mapovu, harufu. Nimelisoma mara nyingi, na ninaweza kusema bila kujisifu kwamba ni daftari sahihi. Lina mstari mmoja tu wa uongo. Ni mstari wa siku ya Ijumaa, na una maneno mawili: "Hakuna jipya."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka upande wa Kigoma, nimefika Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, nikiwa na begi moja na kitabu cha kemia cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwanzo. Mengine ya ukoo si ya sura hii. Kiswahili changu kilichekesha watu. Nilipomwambia Mama Kahindo kwa mara ya kwanza, "Samahani, mama, ninaomba kuonyeshwa mahali pa kunawia," alipiga makofi, akamwita jirani aje asikie. "Rudilia," aliniambia. "Rudilia, mutoto yangu. Unasema kama redio." Alikuwa mjane aliyezaliwa Goma na kuolewa Rugerero, mnene, mwepesi wa miguu, na alijua kupika pombe ya ndizi kuliko mtu yeyote kati ya mpaka na Mahoko. Alinipangisha chumba kilichopakana na jiko lake. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye paa, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu na maongezi yake yalikuwa yangu. Nilijua ni nani kati ya wanawake wanaovuka mpaka kila siku aliyegombana na mumewe, nani ameota nini, na nani anadai sambaza, yaani dagaa wa ziwani, siku hizi zimekuwa ndogo kuliko za zamani. Jioni alinigongea ukuta kwa mwiko: "Redio! Kuja kula." Sombe yake, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilikuwa na mafuta ya mawese mengi na sambaza zilizokaangwa hadi kichwa kinavunjika kwa ulimi. Sijala tena sombe kama ile, na nimejaribu.

Kazi yetu ilikuwa katika ghala la zamani la kahawa, Rugerero, lenye paa refu la mabati na madirisha madogo yaliyotazama uani. Mkuu wetu aliitwa Enjinia Faustin, mtu mwembamba aliyerudi kutoka Kongo na shahada ya kemia na koti moja zuri. Alikuwa amemshawishi tajiri mmoja wa Kigali kwamba hamira inaweza kutengeneza harufu ya waridi. Watu walimcheka, lakini ilikuwa kweli, na ni kweli hadi leo. Ukiilisha hamira sukari, ukaiongezea unga mweupe uitwao fenilalanini, ambao ni kipande kimojawapo cha protini, hamira huugeuza unga ule kuwa kimiminika kiitwacho feniletanoli. Ndicho hicho kinachonukia ndani ya ua la waridi. Enjinia alitaka kukitia katika sabuni. Sukari tungeipata katika maji ya ndizi, na ndiyo sababu alimwajiri Mama Kahindo: alijua kukamua ndizi kwa majani, kuchagua zilizoiva sawasawa sokoni Mahoko, na kuitunza hamira kama mtu anavyotunza kuku. Mimi nilishika daftari. Selemani, aliyevuka kutoka Goma kila siku, alishika funguo na fimbo. Tajiri alituambia atakuja mara moja tu, mvua ndefu zikiisha, na kama hataona sabuni ya kuuzwa ghala litarudi kuwa la kahawa.

Tatizo letu lilionekana mapema. Siku ya kwanza mapipa yalinukia, siku ya pili yalinukia zaidi, siku ya tatu mapovu yalizimika na hamira ikalala chini kama matope. Enjinia alinieleza kwa kuchora juu ya gunia kwa mkaa. "Bon. Waridi ni sumu kwake. Anaitengeneza, halafu inamuziba pumzi. Donc, tunafanya nini? Tunamuondolea pole pole, naye anaendelea." Njia ya kumwondolea ilikuwa kuweka juu ya pipa kiyeyushi, yaani kimiminika kisichochanganyika na maji lakini kinachoipenda harufu ile kuliko maji yanavyoipenda. Harufu ingehama yenyewe kutoka chini kwenda juu, hamira ingepumua, nasi tungevuna kule juu kazi ikiwa bado inaendelea chini. Niliielewa mara moja, na ninakumbuka furaha yangu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo la kitabuni likiwa na pipa lake. Tulianza na kile tulichokipata mjini, thina ya kuchanganyia rangi. Kufikia mchana hamira yote ilikuwa imekufa. Mama Kahindo alichungulia pipa, akafunika pua kwa kitenge. "Umeziua, Enjinia. Umezinywesha rangi ya mulango."

"Ni jaribio, Mama."

"Jaribio! Zilikuwa zinakula vizuri tangu asubuhi. Sasa ona."

Ndipo Enjinia aliposema tutatumia mafuta ya alizeti. Hayaui hamira, alisema, na wala hatutahitaji kuyatenganisha na harufu baadaye, kwa sababu mafuta ndiyo yatakayopikwa kuwa sabuni. Mpaka leo ninaona lilikuwa wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Lakini kwa Mama Kahindo lilikuwa tusi. Katika upishi wa pombe aliokulia, mafuta na pombe havikutani. Mwanamke aliyejipaka mafuta mikononi hakuruhusiwa kugusa mtungi. Kibuyu kilichowahi kubeba siagi hakikuchota pombe hata kikioshwa mara saba. Mafuta huua povu, na pombe isiyo na povu haimpendezi mgeni. Alisimama mikono kiunoni akimtazama Enjinia akimimina, unene wa kidole kimoja, juu ya pipa la pili na la tatu. La kwanza liliachwa bila mafuta ili tulinganishe.

"Pombe gani hii inalala chini ya mafuta?" aliuliza.

"Si pombe, Mama. Hakuna atakayekunywa."

"Inatokana na ndizi, inachemka yenyewe, inanuka pombe. Iko pombe. Mi nitaambia watu nini?"

"Uwaambie ni siri ya kazi," alisema Selemani kutoka mlangoni, na Mama akamtupia ganda la ndizi.

Pipa la pili lilifunikwa na kubanwa. La tatu lilikuwa na kifuniko kilichopasuka, likahitaji mtu wa kuliangalia, likawa la Mama. Agizo lilikuwa moja: mafuta yawepo juu yake wakati wote, unene wa kidole. Mimi kila asubuhi niliyalisha yote matatu maji ya ndizi na unga kidogo kwa mrija, kisha nikachota kikombe kutoka chini ya kila pipa na kupima harufu. Kwa kuwa hatukuwa na mashine, nilibuni njia yangu. Nilichukua kijiko kimoja, nikakizimua kwa maji mara moja, mara mbili, mara nne, mara nane, hadi pua isinuse kitu, kisha nikaandika nilifika mara ngapi. Nilikula bila pilipili miezi ile yote ili nisiharibu pua. Mama aliona ni kiburi. "Redio haili pilipili," aliwaambia wageni wake upande wa pili wa ukuta, "anahifadhi pua yake, itaolewa."

Namba za daftari hazikuleta furaha. Tangu tulipoweka mafuta, harufu katika maji ya pipa la pili na la tatu ilipungua. Enjinia alisoma, akasoma tena, akakaa juu ya debe. Nilimsikia akijiambia kwa Kifaransa kwamba amekosea. Hakuna kati yetu aliyepanda juu ya ngazi na kuyanusa mafuta yenyewe, na nikifikiri leo ninaona aibu, lakini najua sababu: tulikuwa tumezoea kuchota na kunusa cha chini kwa bomba, na mafuta baridi hayatoi harufu kwa urahisi, huishika. Jambo moja tu halikupatana na huzuni yetu. Pipa la kwanza lilikufa siku ya tatu kama kawaida. La pili lilijikokota hadi siku ya tano. La tatu lilikuwa halijafa. Utamu wake ulishuka kila siku nilipopima, ishara kwamba hamira inakula, na mapovu yake yalipasuka chini ya mafuta kwa sauti ndogo, kama uji unaoanza kuchemka. Niliandika: "La tatu linaendelea. Sababu haijulikani."

Jumanne nilifika mapema kuliko kawaida, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Kabla ya kuingia nilipita dirishani. Mama Kahindo alikuwa juu ya ngazi, amefunua pipa la tatu, anachota mafuta kwa upawa wa mti na kuyamimina katika kitambaa juu ya ndoo. Alifanya polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeengua povu kwenye sufuria ya nyama, mpaka pipa likabaki safi. Kisha akashuka, akaenda kwenye pipa kubwa la akiba, akachota mafuta mapya, akapanda na kuyamimina, akapima kwa kidole chake. Ndoo ya mafuta aliyoyaengua aliifunika kwa kitenge na kuiweka karibu na kikapu chake cha kwenda nyumbani. Nilirudi nyuma nikasimama uani hadi jua likanigusa miguu. Nilielewa kitu kimoja tu: Mama anaiba mafuta. Sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba nimeona upawa na ndoo, sijaona wizi, na usichokiona usiandike. Usiku wa siku ile ukuta uligongwa kama kawaida, nikala maharage na ndizi, na sikuweza kumtazama usoni.

Ijumaa Enjinia aliingiza kijiti katika pipa la akiba, akakitoa, akakitazama. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi chini ya alama kwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukikana. Mama alikuwa Mahoko kununua ndizi. Enjinia hakuwa mtu wa kufoka. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Funguo ziko na mutu moja," alisema. "Selemani, mi sitaki kuita polisi. Weka funguo pale kwa meza."

Selemani alikuwa amesimama mlangoni. "Enjinia, mi sijachukua."

"Nani basi?"

Enjinia alingoja, kisha akanigeukia mimi, si kwa sababu alinishuku, bali kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi, na siku zile alikuwa ameanza kuliamini daftari langu kuliko macho yake. "Mademoiselle. Kuna kitu cha kuandika?"

Nilimfikiria Mama Kahindo anashuka kutoka kwenye gari la Mahoko na mikungu yake ya ndizi. Nilifikiria chumba changu, ukuta usiofika paani, mwiko. "Hapana," nilisema. Na ili jibu langu liwe na uzito nikaandika pale pale, mbele yao. Selemani aliweka funguo mezani, akachukua koti lake la mvua. Alisimama akinitazama kwa muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji. Kisha akatoka kuelekea mpakani kwa miguu.

Jumapili nilikwenda Misa na Mama. Tulichelewa, tukakaa nyuma, na kabla ya wimbo wa kwanza kwisha nilijua kuna jambo. Kanisa lilinukia waridi. Haikuwa ile harufu ya sabuni za dukani inayochoma pua. Ilikuwa laini, yenye unyevu, ile ile niliyoizimua kwa miezi mitano kijiko kwa kijiko. Katekista alikuwa akitazama altare huku na huku. "Nani ameleta maua?" alinong'ona. Hakuna aliyeleta maua. Mbele yetu walikaa wanawake wa Rugerero, mabenchi manne, mikono yao ikimetameta, shingo zao zikimetameta, watoto wao mapajani wakimetameta kama samaki. Nilimshika mkono Mama nikauinua hadi puani kwangu.

"We Redio, unafanya nini? Tuko kanisani."

"Mama, umejipaka nini?"

"Uchafu ya pombe yenu," alisema, bila hata kupunguza sauti. "Enjinia anataka mafuta juu, mi namutii, yako juu. Lakini mafuta ikilala usiku moja juu ya pombe inakuwa chafu. Mi siwezi kuacha mafuta chafu juu ya kazi yangu, nitaonekana mutu gani? Naondoa, naweka mapya. Na ile naondoa, nitupe? Nachuja, nagawia wamama. Inalainisha ngozi."

Nilitoka nje ya kanisa nikakaa kwenye ngazi. Kila kitu kilijipanga kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena katika kazi yangu yote. Harufu haikuwa imepungua, ilikuwa imehama. Tulikuwa tukiitafuta chini ilhali imeshapanda juu. Mafuta ya pipa la pili yalijaa harufu, yakashiba, yakashindwa kuchukua zaidi, na hamira ikazibwa tena. Mafuta ya pipa la tatu hayakushiba kamwe, kwa sababu kila asubuhi mwanamke aliyekerwa na uchafu aliyaondoa na kuweka mengine yenye njaa. Alichokifanya kwa upawa ndicho Enjinia alichokuwa akikitafuta kitabuni, na alikifanya kwa sababu aliamini kabisa kwamba wazo la Enjinia ni baya. Nililia pale kwenye ngazi. Nusu ilikuwa furaha. Nusu nyingine ilikuwa Selemani.

Jumatatu nilimwambia Enjinia yote, isipokuwa kwamba nilijua tangu Jumanne. Alimwomba Mama mkono wake, akaunusa kwa heshima kama mtu anayebusu pete ya askofu, kisha akapanda ngazi, akaingiza kidole katika mafuta ya pipa la tatu, akakisugua kwenye kifundo cha mkono, akangoja kipate joto. Alikaa juu ya ngazi ile akicheka peke yake. "Mama," alisema hatimaye, "umenifundisha kemia."

"Mi nilikufundisha usafi," alijibu Mama. Kisha, alipoambiwa kwamba Selemani alifukuzwa kwa mafuta yale yale, alivua aproni, akaiweka juu ya debe, akatoka. Siku ile ile mimi na Mama tulivuka mpaka pamoja. Nyumbani kwa Selemani, upande wa Goma, tulimkuta mkewe peke yake. Selemani alikuwa ameondoka Jumamosi na lori la kwenda Butembo, na hakusema atarudi lini. Baadaye, sabuni ya kwanza ilipokauka, nilimpelekea mkewe vipande viwili. Alinusa kimoja, akatabasamu. "Hii harufu tuko nayo," alisema, na kutoka nyuma ya mlango akatoa chupa ya soda yenye mafuta nusu. Mama alimpa Selemani, naye akamletea mtoto wao. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua kwamba Selemani alipokuwa amesimama mlangoni alijua mafuta yako wapi, akanyamaza.

Tajiri alikuja mvua zilipokwisha, akanusa, akatupa muda wa mwaka mwingine. Tuliengua mafuta kila asubuhi kwa upawa, na Mama ndiye aliyetufundisha mkono unavyokwenda. Miezi ile iliyobaki ndiyo ninayoiota: ghala lenye joto la mapipa huku nje kuna ukungu, Enjinia akikoroga sabuni na kuimba bila kujua, Mama akitukataza kugusa pipa lake kwa mikono isiyooshwa, mimi nikiandika namba zinazopanda. Wanawake wa Rugerero walilalamika kwamba tumewanyang'anya mafuta yao, na Enjinia akaamuru wawekewe ndoo moja kila Jumamosi. Kazi ile haikuanguka kwa kosa letu. Unga mweupe uliacha kupatikana, na waridi la kutengenezwa viwandani lilikuja kwa bei ambayo hamira yetu haikuweza kuifuata. Enjinia alirudi kufundisha. Mimi nilijifunza yaliyobaki katika vitabu, na leo ninapima ubora wa juisi katika kiwanda kidogo, kwa mashine, ingawa bado ninanusa kwanza.

Pale matangani nilichukua kiti changu cha plastiki nikakisogeza hadi alipokaa Selemani. Tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaulizana watoto. Aliniambia amekuwa akija kumwona Mama tangu aliporudi kutoka Butembo, mara moja kwa mwaka, baada ya Idi, na kwamba Mama hakuacha kumwomba radhi na kumjazia sahani. Mimi siku hizo nilikuwa nimeshahamia Nengo, hatukuwahi kukutana. Nilivunja sabuni pale ilipopasuka, nikampa nusu. Aliinusa akafumba macho.

"Iko ile ile," alisema.

"Selemani, kuna jambo. Ijumaa ile nilikuwa ninajua. Nilimwona Mama tangu Jumanne."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mi nilikuwa mulinzi, dada. Nilikuona kwa dirisha. Ulikuwa umefunga kitambaa nyekundu." Alikunywa chai. "Na mi nilikuwa na chupa kwangu. Sikujua kama iko shida, mpaka Enjinia alitoa kile kijiti."

"Basi kwa nini hukumwambia?"

"Niseme nini? Mutu ananipikia kila siku, nimutoe kwa sababu ya mafuta?" Alitikisa kichwa. "Lakini nilikungojea we. Nilisimama pale kwa mulango, nikasema, huyu iko na kitabu, Enjinia anamusikia. Atasema neno."

"Ningemtaja Mama, wangemfukuza. Nilikuwa nimekwama, Selemani. Ama yeye ama wewe. Nimelipima jambo lile miaka yote hii."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa hesabu ya kigeni. "Nani alikuomba umutaje Mama?"

Nilianza kuokota chembe za sabuni zilizoniangukia mapajani.

"Enjinia aliuliza kama iko kitu ya kuandika. Ungesema tu: si Selemani. Hapo basi. Angeuliza nani, ungesema haujui bado. Maneno mbili, dada. Mi nilingojea hizo maneno mbili mpaka nikafika mpakani. Nilienda polepole."

Hakusema kwa hasira. Alifunga nusu yake ya sabuni katika kitambaa cha mfukoni, akauliza kama viazi vimeiva, na mtu akamletea sahani. Tulikula pamoja. Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani, akapanda pikipiki, akanipungia mkono wenye harufu ya waridi na mafuta yaliyochacha.

Jioni nilifungua kabati. Karatasi zimelainika lakini wino haujafifia. Nilipata ukurasa wa Ijumaa, nikasoma joto la mapipa, utamu, harufu, kisha ule mstari wa mwisho. Sikuukata, kwa sababu katika daftari la kazi kilichoandikwa hakifutwi. Niliandika tarehe ya leo pembeni, na chini ya "Hakuna jipya" nikaandika: "Si Selemani."